Kabati la Kuwaonyesha Wafadhili

Jina la Haketi halikubandikwa bure. Akila, anakula amesimama. Ukimkaribisha kiti anakishika mgongo, anakitikisa, anauliza kwa nini mguu mmoja unacheza, na kabla hujamjibu keshakwenda kutafuta msumari. Kwenye foleni ya maji anahama mstari kila mara na mwisho wake anachota nyuma ya watu wote. Mama yake alikuwa akisema kwamba huyu alizaliwa akiwa tayari amechelewa mahali, na mpaka leo anakimbilia huko huko.

Alikuwa mhudumu katika zahanati ya kijiji, ile yenye veranda ndefu na bati lililopakwa rangi upande unaoonekana barabarani tu. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kabisa, zamani stoo ya mifagio na makopo ya rangi. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja, meza moja, na kabati la milango ya vioo. Hapo ndipo walipohudumiwa watu wa unga.

Usishangae unga umefikaje kijijini. Barabara kuu ilipopanuliwa, malori yakaanza kulala pale kwenye kituo cha mafuta, na malori hayalali peke yake. Yakaja na biashara ya soda, biashara ya mishikaki, na biashara nyingine ya kufungwa kwenye vikaratasi. Vijana waliokuwa wakiosha magari wakaonja, wakanogewa, na kabla wazee hawajaelewa kinachoendelea watu walikuwa wameanza kuokotwa vichochoroni midomo imekuwa ya bluu.

Wafadhili waliposikia wakatoa ruzuku ya miaka mitatu. Ruzuku hiyo ndiyo iliyomlipa Haketi mshahara, ikanunua mafuta ya pikipiki, ikamleta mshauri kutoka mjini kila mwezi, na zaidi ya yote ikaleta vichupa. Kichupa chenyewe ni kidogo, unakificha kiganjani. Mtu aliyezidiwa na unga pumzi hukatika polepole kama taa inayoishiwa mafuta. Ukimpulizia dawa ile puani, akiwahiwa, anarudi. Si mwisho wa kazi, kwa sababu dawa huisha nguvu na mtu akazama tena, hivyo lazima apelekwe zahanati akaangaliwe. Lakini anarudi.

Sasa tatizo la vichupa ni kwamba kikiwa zahanati na mgonjwa yuko bondeni, kina faida gani? Haketi aliliona hilo mapema. Akavigawa majumbani, na akawafundisha akina mama na akina dada jinsi ya kupuliza, jinsi ya kumlaza mtu ubavu, jinsi ya kumpa pumzi mdomo kwa mdomo. Alikuwa akipita na mzani wa kupimia watoto begani, hata nyumba zisizo na mtoto, ili majirani wasijue kilichompeleka. Maana aibu ya unga ni kubwa jamani. Kuna nyumba zilikuwa tayari kusema kijana wao ana kifafa kuliko kusema neno hilo. Kwa hiyo Haketi aliwaahidi jambo moja: jina la nyumba haliandikwi popote. Linakaa kichwani mwake, na akifa linakwenda naye.

Miaka mitatu ikakaribia kuisha. Ikaja habari kwamba wafadhili watatuma watu kuitazama huduma, na kwamba wao ndio watakaoamua kama ruzuku iendelee au ihamishiwe kwingine.

Kuanzia siku hiyo Haketi hakulala vizuri. Alipaka chumba rangi, akaona haijakolea, akakipaka tena. Alibadilisha pazia. Akaliondoa na hilo jipya, akaweka jingine. Daktari wa zahanati, mtu mnene mwenye sauti ya chini ambaye hupenda mambo yajiendee yenyewe, alimwacha ahangaike mpaka siku mbili kabla ya ugeni. Ndipo akaingia chumbani, akafungua kabati, akaguna.

"Vichupa viko wapi?"

"Majumbani, daktari. Unajua."

"Mimi najua. Wao watajua?" Akafunga mlango wa kabati taratibu. "Walileta shehena nzima. Wanakuta vichupa vinne. Watauliza vingine viko wapi. Utasema umewapa watu. Watu gani? Majina huna. Dada, mimi nimekaa kwenye kazi hizi muda mrefu. Kabati tupu na hakuna majina, wataandika neno moja tu: mmekula."

Hakuna kitu kilichomkera Haketi duniani kama kuitwa mwizi, na hakuna mahali watu huitwa wezi haraka kama kwenye mali ya wafadhili. Akamwangalia daktari, akaliangalia kabati, akatoka nje, akarudi. Halafu likamjia lile ambalo lingemjia mtu yeyote wa pale. Wageni wakija nyumbani na viti havitoshi, unafanyaje? Unakwenda kwa jirani unaazima. Sahani, mikeka, hata birika. Wageni wakishaondoka unarudisha, na hakuna aliyedanganywa, ni heshima tu.

"Nitaviazima," akasema.

Daktari hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Wewe ndiye unayewajua," akaenda zake. Ndivyo alivyo, mtu wa kuacha mlango wazi halafu upepo ndio uulizwe.

Siku iliyofuata Haketi alizunguka kijiji kizima na mzani wake begani. Mke wa mwenyekiti wa kijiji alikitoa kichupa ndani ya kopo la vifungo, huku akiangalia barabarani. Mwalimu mkuu mstaafu alikuwa amekiweka nyuma ya redio. Mama mmoja mwosha nguo alikataa katakata, akasema mwanawe yuko nyumbani wiki hii na hali si nzuri, na Haketi akamwachia, akijiona ana huruma. Wengine walitoa kwa shingo upande. Kwa kila mmoja alisema maneno yale yale: ni kwa siku ya kesho tu, jioni nakurudishia, tukikosa ruzuku hatutakuwa na hiki wala kingine. Na hayo ya mwisho yalikuwa kweli, ndiyo maana watu walitoa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya kwao. Haketi alikuwa akiishi na mama yake na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, fundi baiskeli. Watu wengi kijijini walijua kwamba fundi alikuwa na mambo yake, ila Haketi mwenyewe hakuwahi kulitamka nje ya nyumba. Akiulizwa kwa nini na kwao kuna kichupa, alikuwa akijibu kwamba ni cha akiba. Fundi alikuwa ameacha. Tangu mvua zilizopita hajagusa, amenenepa, anacheka, ameanza tena kudai pesa ya kuziba pancha badala ya kusamehe kila mtu.

Mama alikuwa jikoni akipepeta mchele. Alimwona bintiye anapandisha mkono juu ya kabati la vyombo.

"Hicho unakipeleka wapi?"

"Zahanati, mama. Kesho jioni kinarudi."

"Na mdogo wako?"

"Si ameacha?"

Mama akaweka ungo chini. "Si wewe uliyenifundisha kwamba aliyeacha ndiye wa kuogopewa? Kwamba akirudia siku moja tu, mwili umeshasahau, unga unambeba?"

Ndiye aliyemfundisha. Alikuwa amelisema hilo kwenye kila nyumba, kwa kila mama, mpaka ulimi ukachoka. Na fundi mwenyewe akatokea mlangoni na mikono ya grisi, akasema, "Mama, mwache dada achukue. Mimi sina haja nacho." Akatabasamu. Haketi akakitia kichupa mfukoni haraka kama mtu anayeogopa kubadilisha mawazo.

Wageni walifika asubuhi wamechoka na vumbi. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali kisha kunyamaza kabisa mpaka ajibiwe. Walipewa viti vya kuazima, wakasikia hotuba ya mwenyekiti, hotuba ya daktari, kisha hotuba nyingine ya mwenyekiti. Haketi alikuwa nyuma akihama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Walipoingia chumbani, yule mama akavaa miwani, akasimama mbele ya kabati. Vichupa vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, lebo zote zikitazama mbele. Kazi ya Haketi hiyo. Lilipendeza kweli.

"Vimejaa," akasema.

"Tunavitunza vizuri sana, mama," daktari akajibu.

"Nimeona. Ripoti zenu zinasema watu wanazidiwa na unga karibu kila wiki. Kabati hili linasema hawazidiwi. Nisikilize lipi?"

Daktari akakohoa. Mwenyekiti akaangalia dari. Haketi akafungua mdomo, akagundua wakati ule ule, amesimama pale na sare yake iliyopigwa pasi, kwamba amejichongea mwenyewe. Alikuwa amehangaika kijiji kizima kukusanya ushahidi kwamba hawahitaji kitu.

"Kuna wilaya nyingine," mama wa miwani akaendelea kwa upole, na upole wake ulichoma zaidi, "ambako kabati kama hili lingekuwa tupu ndani ya mwezi. Lazima niwafikirie na hao."

Simu ya Haketi ikatetemeka mfukoni. Akaiacha. Ikatetemeka tena. Mama yake hakuwa mtu wa kupiga simu. Alikuwa wa kubipu mara moja na kusubiri, awe na salio au asiwe nalo. Ilipotetemeka mara ya tatu bila kukata, Haketi akapokea pale pale, mbele ya wageni.

"Mdogo wako hapumui," mama akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Nampulizia mdomoni. Siwezi kuongea."

Haketi hakuaga. Alifungua kabati kwa nguvu, kioo kikagonga ukuta, akashika vichupa alivyoweza kushika na vingine vikaanguka vikatawanyika sakafuni miguuni kwa wageni. Akatoka mbio. Dereva wa pikipiki wa zahanati alikuwa kivulini anakunywa chai, akaimwaga aliposhikwa kola. Njiani Haketi alikuwa akimgonga mgongoni kwa ngumi kama anayeswaga ng'ombe, na dereva, ambaye kwa kawaida ana maneno, akazidisha mwendo tu.

Walimkuta fundi chali nyuma ya jiko, kando ya baiskeli iliyopinduliwa. Rafiki yake wa zamani alipita asubuhi na lori akamwachia kikaratasi, ndivyo ilivyojulikana baadaye. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye majivu, amemrudisha mwanawe kichwa nyuma kama alivyofundishwa, anapuliza, anainua kichwa, anasubiri, anapuliza tena. Mwanamke mwenye umri ule, magoti ambayo hata kwenye sala humsumbua. Hakugeuka hata pikipiki ilipozimwa.

Haketi akapulizia dawa puani. Wakasubiri. Hakuna. Mama akaendelea na pumzi yake. Haketi alikuwa akiomba, akitukana, akiomba tena, vyote kwa moyo mmoja. Akatumia kichupa cha pili. Wakasubiri tena, na kusubiri kule, we acha tu. Halafu kifua kikapanda chenyewe. Fundi akakohoa, akatapika kwenye sare ya dada yake, akafumbua macho na kuwatazama kama watu waliomwamsha bila sababu.

Mama akakaa chini majivuni. Alikuwa akihema kana kwamba yeye ndiye aliyefufuliwa.

"Siku moja, mwanangu," akamwambia Haketi. "Ulisema kichupa kinatoka siku moja tu."

Walimpandisha fundi pikipiki, katikati ya dereva na dada yake, wakarudi zahanati, maana asingeweza kuachwa nyumbani na dawa ikiisha nguvu. Wageni walikuwa verandani wanakula. Daktari akawawahi getini.

"Mpitishe nyuma," akanong'ona. "Nimeshawaambia umepata dharura ya kifamilia. Tulia tu."

Lakini nyuma hakukuwa na mlango wa chumba kile, na hata kama ungekuwepo asingeuendea. Haketi akapita katikati ya meza na sahani, mkono wa mdogo wake shingoni mwake, kijana ameloa, anapepesuka, ananuka matapishi. Vijiko vikasimama. Akamlaza kitandani, akamweka ubavu, akahesabu pumzi zake. Alipoinuka, mama wa miwani alikuwa mlangoni.

"Ni nani?"

"Mdogo wangu. Toka nitoke, tumbo moja." Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisema mbele ya mtu wa nje, na sauti haikutetemeka. "Na kabati hili ni la kuazima. Vichupa vyote vilikuwa majumbani kwa watu, vinatumika. Nimevikusanya jana ili msituone wezi. Kilichokuwa kwetu nilikichukua mimi mwenyewe, mama yangu akanikataza nikachukua."

"Nyumba zipi nyingine?"

"Siwezi kusema. Niliwaahidi."

"Kwa hiyo unataka nikuamini tu."

"Sitaki kitu. Nataka kuvirudisha, kuna nyumba sasa hivi hazina." Alikuwa tayari amepiga magoti anaokota vichupa sakafuni na kuvitia kwenye mfuko wa mzani. Mama wa miwani akainama, magoti yakilia, akaokota viwili vilivyobingirika chini ya kitanda, akampa.

"Ungeniambia kabati ni tupu, ningeandika kwamba kabati ni tupu," akasema. "Tulikuja kulitafuta hilo."

Maneno hayo yalimkata maini. Hakuna tusi angemtukana likaingia kama yale. Alimwomba muuguzi wa zamu akae na fundi, akatoka, na mchana kutwa akapita nyumba kwa nyumba akirudisha. Safari hii hakubeba mzani. Kwa mwosha nguo, aliyekataa kutoa chake, alisimama mlangoni tu akamtazama kijana wake akiwa hai anakula, akaondoka bila kusalimia.

Majibu ya wafadhili yalichukua muda mrefu kuja, na muda huo Haketi aliufanyia kazi kama mtu anayedaiwa. Alipitia nyumba hata mara mbili kwa siku. Watu walianza kumkimbia. Siku daktari alipomwita ofisini, alimkuta amefunga dirisha na kuweka kiti katikati, akajua.

"Ruzuku imeendelea," daktari akasema. "Miaka mitatu mingine. Na vichupa vitaongezwa maradufu."

Haketi akashika mgongo wa kiti. "Na?"

"Na wamesema aliyeigusa akiba ya vichupa kwa namna ile asishike tena akiba. Si mimi, dada. Ni wao. Kuna binti wanamfundisha mjini."

Daktari mwenyewe alibaki, bila shaka. Hakuwa ameazima kitu, alikuwa amefungua kabati na kuguna tu. Ningekuwa mimi ningemwambia mawili matatu. Haketi aliuliza jambo moja.

"Maradufu kweli?"

"Kweli."

"Na majina hayataandikwa?"

"Hayataandikwa. Yule mama alilisimamia."

"Basi," akasema, akamrudishia funguo. Alilia njiani, kwa hasira na kwa uchungu, na alilia huku anatembea.

Binti wa mjini alifika nyumbani kwa akina Haketi wiki chache baadaye, mnyenyekevu, viatu vimejaa matope, mfuko begani. Hakubeba mzani, hakuna aliyemfundisha hilo. Fundi alikuwa nyuma anaunga mnyororo. Haketi alimkaribisha, na binti akaanza somo lake kwa utaratibu, kana kwamba anamfundisha mtu asiyejua: puani hivi, ubavu hivi, pumzi hivi, ukimaliza mlete zahanati. Alikosea mahali pamoja, kidogo tu, kwenye kichwa kinavyorudishwa nyuma. Haketi akamrekebisha kwa sauti ya chini, binti akashukuru.

"Na jambo la mwisho, dada," binti akasema, macho yake yakishuka. "Tumeambiwa tuseme kila nyumba. Kichupa hiki hakiazimwi. Hata akija mhudumu wa zahanati kukiomba, hata awe mimi, msimpe."

"Sawa," Haketi akasema. "Ndivyo inavyotakiwa."

Akanyoosha mkono kukipokea. Lakini mama yake alikuwa ameshatoka jikoni, amekausha mikono kwenye nguo, amesimama kati yao.

"Nipe mimi," mama akamwambia binti.

Akakipokea, akamshukuru, akamtakia njia njema. Kisha akaingia ndani peke yake na kufunga mlango wa chumba. Haketi alimsikia akisogeza vitu, anafungua sanduku, anafunga, anasogeza tena. Fundi yuko hai na baiskeli anatengeneza, na mama na binti yake wanakula chungu kimoja na kucheka. Ila mama hajamwambia Haketi alikiweka wapi, na Haketi hajathubutu kuuliza.